Kila Jedwali Lina Mwenyewe: Miaka Yangu na Kanzidata za Dar, Unguja na Pemba

Nilikuwa natunza kanzidata, yaani hifadhi za taarifa kwenye kompyuta, za kampuni ya maduka ya dawa yenye matawi Dar, Unguja na Pemba, kila tawi likiwa na yake. Mwaka 2013 nilipigiwa simu kutoka Unguja ambayo nikiikumbuka hadi leo moyo unaniruka. Duka letu la dawa la Darajani lilikuwa limeuza chupa mbili za dawa ya maji ya watoto kutoka kwenye toleo, yaani kundi la dawa lililotengenezwa pamoja, ambalo sisi wa Dar es Salaam tulikuwa tumelizuia. Msambazaji aliomba toleo zima lirudishwe. Mfamasia wa makao makuu aliingia kwenye mfumo saa kumi na moja jioni, akaweka alama ya "limezuiwa", akaiona kwa macho yake kwenye kioo, akafunga ofisi akijua kazi imekwisha. Kesho yake mchana alama ile haikuwepo popote. Hata Dar kwenyewe ilikuwa imefutika.

Hakuna mtu aliyeiondoa. Usiku ule mtandao wa Unguja ulikuwa umekatika, kwa hiyo alama haikuvuka bahari. Asubuhi kijana wa stoo wa Darajani akahamisha makasha ya dawa ile kutoka rafu moja kwenda nyingine, akabadilisha jina la rafu kwenye kompyuta, akaendelea na kazi zake. Mtandao uliporudi, programu niliyoiandika mimi ikalinganisha mstari wa Dar na mstari wa Unguja, ikaona wa Unguja ndio uliobadilishwa karibuni, ikauchukua mzima mzima. Rafu mpya ikaja pamoja na neno la zamani, "inauzwa". Neno hilo likaandikwa Dar, likapelekwa na Pemba.

Wazazi wote wawili walipatikana siku hiyo hiyo kwa namba za simu zilizokuwa kwenye risiti, na chupa zikarudi zikiwa hazijafunguliwa. Nashukuru Mungu kwa hilo. Lakini nilielewa siku ile kwamba kanuni ya "aliyeandika mwisho ndiye mshindi", ambayo nilikuwa nimeiweka kwa sababu ni nyepesi kuandika, haijui tofauti kati ya jina la rafu na usalama wa mtoto.

Wiki ile nilikaa na mfamasia na karatasi ya A3 mezani. Tukaandika jina la kila safu ya jedwali la bidhaa, na pembeni yake swali moja tu: nani ana haki ya kuiandika hii? Jina la dawa ni la Dar. Bei ni ya Dar. Alama ya kuzuiwa ni ya Dar, tena ya mfamasia peke yake. Rafu ni ya tawi. Kiwango cha chini cha kuagizia tulikibishania karibu saa nzima, kwa sababu Dar walitaka kukipanga wao na Pemba walisema hawa wa Dar hawajui kwamba boti ikikosa kuja kwa sababu ya upepo tunakaa na njaa ya dawa. Pemba walishinda, na walistahili.

Tulipomaliza, jedwali moja likawa mawili. La kwanza ni bidhaa, linaandikwa Dar tu, na kwenye kanzidata za matawi mtumiaji wa programu ya duka amepewa ruhusa ya kusoma peke yake. La pili ni bidhaa za tawi, ambalo kila tawi linaandika mistari yake na haligusi ya mwenzake. Tangu siku ile hakuna watu wawili wanaoandika mstari mmoja. Mgongano ambao nilikuwa nimepoteza miezi nikitafuta namna ya kuuamua ukawa haupo tena.

Vijana wanaoniuliza kuhusu kulandanisha majedwali, yaani kuyafanya yafanane kila mahali, huanza na chombo: tutumie kipi, kinalipiwa au ni cha bure, kinakwenda kasi gani. Mimi huwauliza kwanza mwenye jedwali ni nani. Wengi hawana jibu, na hapo najua mfumo wao utawasumbua hata wakinunua chombo cha bei gani.

Nirudi nyuma kidogo. Nilianza kazi pale mwaka 2011. Kampuni ilikuwa na matawi matatu, Kariakoo, Darajani na Chake Chake, na kila tawi lilikuwa na kanzidata yake, ikiendeshwa na programu iitwayo MySQL, kwenye kompyuta iliyowekwa chini ya kaunta. Watu wa nje hushangaa kwa nini hatukuweka kanzidata moja Dar na matawi yote yakaiingia. Jibu lipo kwenye jenereta lililokuwa nyuma ya duka la Darajani, ambalo lilinunuliwa katika lile giza la miezi mitatu la Unguja, Desemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya umeme kutoka bara ilipoharibika. Mwenye mali alikuwa amejifunza kwamba kitu kinachopita chini ya bahari siku moja hukatika, na mgonjwa aliyesimama kaunta hawezi kuambiwa asubiri Dar ijibu. Duka liuze kwanza, habari ifuate baadaye. Huo ulikuwa uamuzi wake na bado naamini ulikuwa sahihi.

Kosa la mwanzo lilikuwa namba. Kila tawi lilikuwa linajihesabia wateja wake kuanzia moja. Mteja namba 4417 wa Unguja alikuwa mzee wa shinikizo la damu. Namba 4417 wa Pemba alikuwa mama mjamzito. Nilipojaribu kuwaweka pamoja Dar, MySQL ikanigomea na kosa lake namba 1062, yaani ufunguo, namba inayoutambulisha mstari, umejirudia, na namshukuru aliyeliweka kosa hilo, kwa kuwa bila yeye ningechanganya dawa za watu wawili. Tulitatua kwa kuruka namba: kila tawi likawa linaongeza kumi kumi, Dar ikaishia na moja, Unguja mbili, Pemba tatu, na zilizobaki tukaziacha kwa matawi yatakayozaliwa. Miaka ya mbele tukahamia UUID, kitambulisho cha biti 128 ambacho kompyuta yoyote inaweza kujitungia bila kumuuliza mtu. Ila UUID huwezi kuisoma kwenye simu. Kwa hiyo risiti imebaki na namba fupi yenye herufi za tawi mbele, kwa ajili ya binadamu.

Sasa nifike kwenye saa, maana hapo ndipo nilipojifunza kwa uchungu.

Programu ya kwanza ilikuwa inaiuliza kanzidata ya tawi swali moja kila dakika kumi: nipe mistari yote iliyobadilika tangu nilipokuja mara ya mwisho. Kila mstari ulikuwa na muhuri wa wakati, na nilidhani hiyo inatosha. Mwishoni mwa mwezi mmoja mhasibu akaniita akiwa na taarifa ya benki mkononi. Fedha zilizowekwa na tawi la Chake zilikuwa nyingi kuliko mauzo yaliyoonekana Dar. Fedha kupungua tumeizoea, kila mtu anajua pa kuanzia kutafuta. Fedha kuzidi ilinitia hofu.

Nikapanda boti. Pale chini ya kaunta nikakuta kompyuta inasema leo ni usiku wa saa nane na dakika kadhaa, na nje jua linawaka. Nikamuuliza dada wa kaunta kama kuna aliyegusa saa. Akasema, "Mimi nnaiweka sawa kila asubuhi, kaka. Umeme ukikatika ikiwaka inarudi nyuma, hata mwaka inaukosea. Nikifungua saa mbili naiandikia saa mbili." Alikuwa ameandika 2:00. Kwa saa zetu za Kiswahili alikuwa sahihi kabisa, asubuhi saa mbili. Kwa kompyuta, 2:00 ni usiku wa manane. Na siku ambazo alikuwa na wateja wengi akasahau kuiweka sawa, mashine ilikuwa inaamini ni Januari mosi 2009, tarehe iliyowekwa kiwandani.

Nilifungua kasha, nikatoa ile betri ya duara ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama. Ilikuwa imekufa. Betri mpya niliipata kwa fundi saa wa sokoni. Lakini mauzo ya siku kumi na moja yalikuwa yamegongwa muhuri wa zamani, na programu yangu iliyokuwa inauliza "tangu nilipokuja mara ya mwisho" isingeyaona hata ingeuliza miaka mia. Yule dada hakukosea chochote. Mimi ndiye niliyekabidhi hesabu za duka zima kwa saa ambayo sikuwahi kuikagua.

Baadaye nilisoma kwamba mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alikwisha kulieleza hili mwaka 1978: kwenye mfumo wa kompyuta nyingi, cha kushikilia ni mpangilio, kipi kilitangulia kipi, wala usitegemee saa za ukutani kukubaliana. Tukaachana na muhuri wa wakati kama alama ya kufuata. Kila tawi likawa na jedwali la foleni: muamala ukifungwa, nakala yake inaingia kwenye foleni na kupewa namba inayofuata. Dar inakumbuka jambo moja kwa kila tawi, kwa mfano kutoka Chake nimepokea hadi 18,205, nipe inayofuata.

Hata hapo palikuwa na shimo. Kaunta mbili zikiuza kwa wakati mmoja, ya kwanza inachukua 18,204 na ya pili 18,205, lakini ya pili inaweza kumaliza kabla ya ya kwanza. Dar ikija katikati inaikuta 18,205, inaichukua, inasogeza alama yake mbele, na 18,204 inapozaliwa sekunde moja baadaye hakuna anayerudi kuitafuta. Tulipoteza mauzo matatu kwa njia hiyo ndani ya miezi minne, na yalinisumbua kuliko yale ya siku kumi na moja kwa sababu yalikuwa machache mno kuonekana. Siku hizi namba inatolewa na programu moja tu, ile inayotuma, baada ya muamala kufungwa kabisa.

Jambo kubwa kuliko yote sikulipata kwenye kitabu cha kompyuta. Nililipata kwenye kadi ya stoo.

Aliyewahi kufanya kazi stoo ya dawa anazijua. Ni kadi ngumu inayoning'inizwa kwenye rafu mbele ya kila dawa, yenye safu za tarehe, imetoka wapi au imekwenda wapi, imeingia, imetoka, baki, na sahihi. Siku moja nilikuwa Chake nikihangaika na idadi za dawa. Tulikuwa tunalandanisha baki: Chake inasema vidonge vya amoxicillin viko 340, Dar inasema 400, nani mkweli? Dar ilikuwa imeongeza 100 kwa mzigo uliotumwa, Chake ilikuwa imeuza 40 na kurekebisha 20 zilizopondeka, kila mmoja akaandika jumla yake juu ya ya mwenzake.

Mama wa stoo, mtu mzima ambaye alikuwa kwenye kazi ile tangu mimi niko shule ya msingi, alikuwa ameniangalia muda mrefu. Akaiondoa kadi ya dawa ile kwenye msumari, akaniwekea mezani. "Mwanangu, hebu tizama. Mimi hapa sijapata kufuta baki hata siku moja. Naandika kilichoingia, naandika kilichotoka. Baki inakuja yenyewe." Nikapitisha kidole kwenye mistari. Mahali pamoja alikuwa amekosea: badala ya 60 aliandika 90. Hakukwangua wala hakupaka wino mweupe. Alipiga mstari mmoja juu yake ili kosa lisomeke, akaandika mstari mpya chini, akatia sahihi.

Nilikaa kimya. Miaka miwili nilikuwa nasafirisha baki kutoka kisiwa hadi kisiwa, na dada zangu wa stoo walikuwa wanajua kwamba baki haisafirishwi. Kinachosafiri ni matukio: 100 zimeingia, 40 zimetoka, 20 zimeharibika. Matukio hayapigani. Ukiyapokea yote, kwa mpangilio wowote, jumla inatoka ile ile Dar na Chake. Niliandika upya jedwali la stoo likafanana na kadi ile, safu kwa safu, hata ya sahihi. Kurekebisha kosa ni mstari mpya wa kinyume, na hakuna mtu, hata mimi, mwenye ruhusa ya kubadilisha mstari wa zamani.

Kuna mambo mawili yanafuata hapo ambayo nitayapita haraka. La kwanza, tukio likitumwa mara mbili lihesabiwe mara moja. Tawi linatuma, Dar inapokea, jibu la "nimepokea" linapotea njiani, tawi linatuma tena. Tusipolizuia, mauzo yanazaa pacha. Kitambulisho cha muamala kinatungwa dukani kabla haujaondoka, na Dar ikiona kitambulisho inachokijua inajibu "nimepokea" na kuuacha ulivyo. La pili ni kufuta. Mstari uliofutwa Dar, Pemba ambayo haina habari inaurudisha kama mgeni mpya, na mfu anafufuka. Sisi hatufuti tena. Tunaweka alama kwamba umefutwa, na alama yenyewe inalandanishwa kama habari nyingine yoyote.

Kuna kosa jingine la kazi ambalo sitaki lipite bila kusemwa, kwa sababu naliona kila ninapokwenda. Kwenye MySQL, unakili, yaani kazi ya kupeleka mabadiliko kutoka kanzidata moja hadi nyingine, ukigonga kosa husimama. Ipo amri ya kuuambia uruke tukio moja uendelee, na mtu aliyeamshwa usiku wa manane anaitumia, taa inarudi kuwa ya kijani, analala. Mwenzetu mmoja aliitumia kwa miezi, na kila mruko uliacha mstari mmoja ambao upo huku na haupo kule. Unakili unaoendelea si ushahidi kwamba majedwali yanafanana. Sasa kila usiku saa tisa kila tawi linahesabu mistari yake ya siku saba, jumla ya fedha na jumla ya vidonge kwa kila jedwali, linatuma namba hizo Dar, na zikipishana hata kwa moja nasoma ujumbe kwenye simu kabla sijanywa chai.

Mwaka 2019 tulihamia PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, ambayo tangu toleo la 10 la mwaka 2017 inaweza kuchapisha jedwali moja moja kwa wanaojiunga nalo. Kwa majedwali ya Dar, kama bidhaa na bei, chombo hicho kimetupunguzia kazi mno. Kina tabia mbili za kuzijua. Hakibebi mabadiliko ya muundo, kwa hiyo safu mpya inaongezwa kwanza matawini, halafu Dar; ukigeuza, tawi linasimama. Na msajiliwa, yaani tawi lililojiunga, akipotea, seva mama, kompyuta kuu ya Dar, inamtunzia kila kitu mpaka arudi. Kompyuta ya Chake iliungua, ikakaa siku nyingi bila mbadala, na diski ya Dar ikajaa kwa kumsubiri. Kuanzia toleo la 13 unaweza kuweka kikomo. Tukakiweka.

Kikomo hicho na foleni zetu vilipimwa Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya nchi yetu ikazorota. Wakati huo seva mama ilikuwa imekwisha kuhamia Ulaya kwenye seva za kukodi, kwa hiyo hata Kariakoo ilikuwa kisiwa. Nilikwenda dukani kwa mguu nikashinda huko, si kwa sababu nilikuwa na la kufanya, ila nilitaka kuona. Kaunta ziliendelea kuuza. Wateja hawakujua chochote. Foleni ziliongezeka saa kwa saa, na mtandao uliporudi kwa kuchechemea zilishuka polepole hadi sifuri. Hesabu za usiku uliofuata zilikubaliana kwa matawi yote matatu. Nilimpigia simu mama wa stoo, ambaye sasa amestaafu, nikamwambia kadi yake imefaulu. Akaniuliza kama nimekula.

Lililobaki ni jedwali la wateja. Mwenye jedwali hilo si Dar wala tawi, kwa sababu mtu anaumwa Unguja, anasafiri, anatibiwa Dar. Mzee mmoja ameandikwa Khamis kule na Hamisi huku. Binti ameandikwa Mwanaisha kwa mama yake na Mwanaesha kwa mumewe. Tarehe za kuzaliwa nyingi ni Januari mosi, kwa kuwa aliyeulizwa alijua mwaka tu. Nilijaribu kuandika programu ya kuwaunganisha, ikaunganisha ndugu wawili wenye jina la babu mmoja, mmoja wao akiwa na mzio wa penisilini. Niliizima siku hiyo hiyo. Sasa kompyuta inapendekeza tu, na anayeamua ni mhudumu anayemfahamu mgonjwa au aliyempigia simu. Leo asubuhi orodha ina jozi 212 zinazosubiri, na Chake wameshamaliza tisa.